Trei ya Shore Ishirini na Mmoja

"Mama Pamba, samahani. Hivi ndege anaweza kurefuka baada ya kufa?"

Mimi sipendi kuulizwa maswali kabla sijanywa chai. Hilo linajulikana katika jumba letu la makumbusho, kuanzia kwa mlinzi wa lango mpaka kwa Mkuu, na wote huniacha nimalize kikombe kwanza. Aliyeuliza alikuwa mgeni wa siku tatu tu, mtafiti kutoka chuo kikuu, binti mwembamba mwenye miwani iliyokaribia kumficha uso. Nilikuwa nimeshambandika jina la Miwani, naye akacheka akalipokea.

"Akifa anasinyaa," nikamjibu. "Ngozi inakauka, bawa linapungua kidogo, milimita moja hivi. Kurefuka hapana. Wangekuwa wanarefuka, haya makabati yangeshapasuka zamani."

Hakucheka. Mkono mmoja alishika kipimo cha chuma, wa pili alishika shore aliyekaushwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizia njia akaelekezwa pande mbili.

"Basi huyu amerefuka milimita saba," akasema. "Na jirani yake sita. Halafu hawa wa mwisho wa trei wamepungua kwa kiasi hichohicho. Sielewi kitu."

Hata mimi sikuelewa. Nikaiweka chai chini.

Niseme kwanza kazi yangu, maana watu wakisikia makumbusho wanafikiria zile kumbi za mbele, simba aliyejazwa majani na watoto wa shule wanaopigiana kelele mbele yake. Mimi niko nyuma. Nyuma kuna korido ndefu na makabati ya chuma, na ndani yake ndege maelfu ambao hakuna mgeni anayewaona, wamelala chali kwenye trei, miguu imefungwa pamoja, kila mmoja na lebo yake mguuni. Ndege akiletwa, mimi ndiye ninayemchuna, ninayemjaza pamba na kumshona tumbo. Chumba kinanuka dawa ya nondo, nami pia nanuka dawa ya nondo. Mume wangu aliacha kulalamika mwaka wa tano wa ndoa. Chumba cha pili tunafuga wadudu weusi wadogo wanaokula nyama iliyobaki kwenye mifupa, na hao ndio wafanyakazi wenzangu ninaoelewana nao zaidi, kwa sababu wanakula wakanyamaza.

Kazi hii ina sheria moja inayozidi zote: lebo haitoki mguuni. Kwenye lebo kuna namba ya ndege, mahali alipokamatwa, tarehe, na jina la aliyemkamata. Ndege mwenye lebo ni ushahidi. Ndege asiye na lebo ni mzoga mkavu ambao hata paka hautaki. Nilifundishwa hivyo na mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Yeye alikuwa mkusanyaji wa ndege wa jumba hili, na ndiye aliyeniingiza kazini miaka ishirini na minne iliyopita.

Trei aliyokuwa akiipima Miwani ilikuwa ya mjomba.

Mjomba aliwakusanya shore hao ishirini na mmoja katika safari moja ya miezi miwili. Kumi wa kwanza aliwapata bondeni kando ya mto, wa kumi na moja katikati ya mteremko, na kumi wa mwisho juu mlimani, kwenye msitu wa baridi. Shore wa bondeni na shore wa mlimani wanafanana kama punje za mchele. Tofauti yao ni kwamba wa mlimani ana bawa refu zaidi na kifua kilichokolea rangi kidogo, na ukitaka kuiona hiyo rangi lazima uwe na mwanga mzuri na subira, vitu ambavyo wengi hawana.

Miaka miwili baada ya mimi kuajiriwa alikuja profesa mmoja mgeni. Akawatazama wale shore kwa nusu siku, akasema walioandikwa mlimani ni wa bondeni na walioandikwa bondeni ni wa mlimani, na kwamba mkusanyaji hakupanda mlima wowote. Alikaa kambini, profesa akasema, akaletewa ndege na wategaji, kisha akajiandikia mahali palipompendeza. Mjomba akaapa kwamba alichoandika ndicho alichokiona. Wakamwambia alete ushahidi. Akasema ushahidi uko kwenye trei. Wakamwambia trei ndiyo inayomshitaki, na hawakumruhusu kuigusa tena. Haukupita mwezi akastaafishwa, na lebo za ndege wake wote, mia sita na ushei, kazi ya miaka thelathini, zikapigwa muhuri mwekundu: USITUMIE.

Na mimi? Mimi nilimwamini profesa. Nilikuwa mgeni kazini, nimeshikwa mkono na mjomba kuingia, na kila niliyepishana naye koridoni aliniangalia kwa jicho la "huyu naye ni walewale". Aibu ikanigeuka hasira. Siku moja kwenye kikao cha familia, kilichoitwa kwa jambo jingine kabisa, mjomba alianza kueleza jinsi alivyoonewa. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Mjomba, njia ya mwongo ni fupi." Maneno yaleyale. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa ndani ya jumba, wakaniamini mimi.

Ndiyo maana sikufurahi kumwona Miwani na trei ile.

"Hiyo ina muhuri mwekundu," nikamwambia. "Unajipotezea wakati. Aliyewakusanya alikuwa akijitungia."

"Ndicho nilichotaka kuhakikisha," akasema. Akafungua mfuko wake akatoa daftari dogo la jalada jeusi, kona zimelika. Nililijua kabla hajaliweka mezani. Lilikuwa daftari la porini la mjomba, alilokuwa akiandika kila jioni kambini. Alipostaafishwa aliondoka nalo, bila mtu yeyote jumbani kutaka kulifungua.

"Umelipata wapi?"

"Kwa binti yake, kumbe ni binamu yako. Nilimwomba, akanipa. Humu alipima kila ndege akiwa bado wa moto, Mama Pamba. Bawa, mkia, mdomo, mpaka alichokuwa amekula. Nimekaa kulinganisha daftari na trei, namba kwa namba. Ishirini hawalingani."

"Si nilikwambia."

"Subiri. Mmoja analingana. Wa kumi na moja. Bawa, mkia, mdomo, kila kitu, pungufu ya ile milimita moja ya kukauka." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. "Mwongo gani anakosea ishirini halafu anapatia mmoja, tena wa katikati?"

Nikasema labda kipimo cha mjomba kilikuwa kibovu. Miwani akasema kingekuwa kibovu hata kwa wa kumi na moja. Nikasema labda alijitungia namba. Akasema namba za kujitungia zisingekaa vile, kwani daftarini wa bondeni wote wana mabawa mafupi na wa mlimani wote wana mabawa marefu, kama inavyotakiwa. Daftari linasema ukweli. Trei ndiyo inayosema kinyume.

"Lakini lebo na daftari vimeandikwa na mkono mmoja," nikasema.

"Ndiyo. Na vinasema kitu kimoja. Wanaobisha ni ndege."

Sasa hapo nikachanganyikiwa kabisa. Ndege aliyekufa miaka ishirini na mitano habishi. Nikamwambia anywe maji, apumzike, kwa sababu nilitaka kupumzika mimi.

Siku mbili zilizofuata sikuwa mtu wa maana. Nilimjaza njiwa pamba hadi akalingana na bata, ikabidi nimfumue. Nyumbani nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage, na mume wangu akayala bila neno, akiniangalia kwa huruma, jambo lililoniudhi zaidi. Kila nikijaribu kulipanga suala lile kichwani lilinitoka upande mwingine. Kama mjomba ni mwongo, daftari lisingekuwa la kweli. Kama mjomba ni mkweli, trei isingekuwa ya uongo. Vyote viwili haviwezekani, na vyote viwili viko mezani kwangu. Nilianza kumkasirikia Miwani kwa kuja, nikamkasirikia profesa wa zamani, nikamkasirikia shore wa kumi na moja, aliyelala pale katikati ya wenzake kwa raha zake.

Siku ya tatu Miwani alinijia na swali jingine. Safari hii alisubiri nimalize chai, maana watoto wa siku hizi wanajifunza haraka.

"Nimefungua trei nyingine za mjomba wako. Lebo zake zote amefunga kwa uzi mweusi wa nta. Hii moja tu ina uzi mweupe. Unajua kwa nini?"

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Hizo nilizifunga mimi!"

Nikavuta kiti. Hadithi ile naipenda. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nimemsimulia. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, mjomba yuko porini kwa safari nyingine. Ikaja mvua ambayo sijaiona tena, paa likavuja, maji yakaingia kwenye kabati la shore. Nilifungua trei nikakuta lebo zimelowa, wino unaanza kutambaa. Nilikuwa peke yangu. Kuzitoa ni kuvunja sheria, kuziacha ni kuzipoteza. Nikazitoa. Nilikata nyuzi zote ishirini na moja, nikazikausha lebo kati ya magazeti, nikazifunga upya kwa uzi wangu mweupe, kila moja mahali pake. Mkuu wa wakati ule alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Mjomba aliporudi alisoma lebo, akaniuliza, "Ulikuwa makini?" Nikamwambia nilikuwa makini. Akanipigapiga begani, akafunga kabati.

Miwani aliutazama ule uzi mweupe. Halafu akasema polepole, "Mama Pamba, ulizitoa zote kwa mara moja?"

"Zote. Lakini kwa mpangilio. Usinitazame hivyo, mimi si mtoto. Njoo nikuonyeshe."

Nilikuwa nimeudhika, na mimi nikiudhika lazima nionyeshe. Meza yetu ndefu iko palepale katikati ya chumba, upande mmoja mlango, upande wa pili dirisha. Nikasimama upande wa mlango. Nikachukua pamba, nikakata mafungu ishirini na moja, nikayapanga mstari mmoja mezani kama nilivyowapanga shore siku ile, wa kwanza kushoto kwangu, wa ishirini na moja kulia. Miwani akaandika namba kwenye vikaratasi, akaweka kimoja chini ya kila fungu, ili tujue fungu lipi ni nani. Kisha nikaandika vikaratasi vingine, moja hadi ishirini na moja, hivyo vikawa ndizo lebo. Nikavipanga mkononi, moja juu, ishirini na moja chini.

"Hivi ndivyo nilivyozishika zilipokauka," nikasema. "Kwa mpangilio. Halafu nikaanza kufunga, kushoto kwenda kulia, kama nilivyofundishwa."

Nikanyoosha mkono niweke lebo ya kwanza. Mkono ukasita. Mwili ulikataa kusimama pale.

"Hapana," nikasema. "Hapa palikuwa na ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya kukinga maji. Lebo zikiwa zinakauka, paa lilianza kuvuja na hapahapa, mbele ya mlango. Sikuweza kusimama hapa. Nilizunguka nikafungia kule, upande wa dirisha, kwenye mwanga."

Nikazunguka meza. Nikasimama na dirisha mgongoni, lebo mkononi, nikaanza kushoto kwangu. Moja. Mbili. Tatu. Vidole vilikwenda vyenyewe kwa furaha ya kujua kazi, na nadhani nilifika ya tano au ya sita ndipo nikaona uso wa Miwani ng'ambo ya meza. Hakuwa akiangalia mikono yangu. Alikuwa akiniangalia mimi.

Nikamaliza zote, kwa ubishi tu. Kisha nikanyanyua fungu la kwanza la kushoto kwangu. Juu yake niliweka lebo namba moja. Chini yake, kwa mwandiko wa Miwani, palikuwa na ishirini na moja.

Nikanyanyua la pili. Ishirini. La tatu, kumi na tisa. Nilikwenda hivyo fungu kwa fungu kama mtu anayetafuta ufunguo mahali ameshatafuta, nikiomba nikute hata moja lililokaa sawa, na nikalikuta. Katikati kabisa. Juu kumi na moja, chini kumi na moja.

Kushoto kwa aliyesimama mlangoni ni kulia kwa aliyesimama dirishani. Mtoto wa chekechea anajua. Mimi sikujua siku ile, na miaka ishirini na mitatu iliyofuata nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu ujinga huo kama ushujaa.

Nikakaa chini. Sikulia. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaikalia.

Miwani akazunguka akaja kukaa karibu nami. Ni binti mwenye moyo mzuri, na moyo wake mzuri ndio uliotaka kunimaliza. "Mama Pamba," akasema, "katika ripoti naweza kuandika kwamba lebo ziligeuzwa wakati wa kukaushwa. Aliyefanya hivyo hajulikani. Jina la mjomba wako linasafishika hata hivyo. Hakuna ulazima wa..."

Hakumalizia. Nilitaka kusema ndiyo. Sijitii utakatifu. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu kwa heshima, na keki, na hotuba. Lakini nikawaza watu watakavyosoma hilo neno "hajulikani". Koridoni watatazamana, watasema: nani mwingine alikuwa akizishika lebo zile zaidi ya mwenyewe? Hajulikani angekuwa mjomba tena.

"Nipe rejista," nikasema.

Nikaandika kwa mkono wangu, mbele ya namba zote ishirini na moja, kwamba lebo nilizitoa mimi, nikazirudisha kinyume mimi, na kwamba mkusanyaji hakukosea. Nikatia sahihi. Kisha nikapanda ngazi kwa Mkuu na rejista kifuani. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena, akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia sijisikii vizuri hata kidogo. Akasema ataitisha kamati, suala langu litajadiliwa. Nikasema wajadili. Nikamwomba Miwani daftari, nikavua koti la kazi, nikatoka mchana kweupe bila kuaga.

Mjomba anaishi kwa binti yake, umbali wa nusu saa kwa miguu. Nilikwenda kwa miguu, nikitumaini njia itakuwa ndefu. Wakati wote nilikuwa nikipanga maneno, na kila nilipoyapanga alijitokeza mama. Mama hakuongea tena na kaka yake baada ya kile kikao. Alikuwa mwanamke wa msimamo, na msimamo wake ulikuwa kwamba binti yake hawezi kumsingizia mtu. Mjomba alimpigia simu, mama hakupokea. Mjomba alituma salamu, mama alisema zimefika, basi. Miaka kumi na sita ilipita hivyo, kisha mama akafariki. Kwenye mazishi mjomba alisimama nyuma ya watu wote, mbali, na hakuna aliyemwita mbele. Mimi nilimwona. Nikageuza uso.

Binamu yangu alinifungulia mlango, akashangaa. Sikuwa mgeni wa mara kwa mara pale.

"Baba yuko ndani," akasema. "Lakini usimchoshe, siku hizi anauliza sana."

Mjomba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Amekonda, ila macho ni yaleyale. Kabla sijaingia vizuri nilimsikia akimwuliza binamu, "Nimeshakunywa dawa?" Binamu akajibu, "Umekunywa, baba." Akauliza, "Una hakika?" Niliwahi kuambiwa habari hizo nikasema ni uzee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanitazama. "Ni wewe, au ni mdogo wako?"

"Ni mimi, mjomba."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanikimbia. Nikamwambia vivyo hivyo, ovyo ovyo, nikianzia mwisho na kurudi mwanzo: ndoo, dirisha, uzi mweupe, kushoto na kulia, namba moja mguuni mwa ishirini na moja. Alinikatiza mara mbili akaniomba nirudie. Mara ya tatu hakuniomba. Alikaa akiangalia viganja vyake.

"Niliwahi kuwaza labda ni wewe," akasema. "Mara moja tu. Nikajiona mtu mbaya. Ulikuwa umeniambia ulikuwa makini." Akavigeuza viganja. "Nikasema mtoto wa dada yangu siwezi kumsingizia. Basi itakuwa ni mimi. Nakumbuka nimepanda mlima, lakini ndege wanasema sikupanda, na ndege hawana sababu ya kusema uongo. Kwa hiyo kichwa changu ndicho kibovu. Nikaona heri nisijiamini mimi."

Binamu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Nilimsikia akivuta pumzi. Alikuwa amemjibu baba yake maswali miaka yote hiyo, umekula, umelala, umefunga mlango, na sasa ndiyo kwanza anasikia yalikotoka.

Nikampa mjomba daftari. Hakulipokea.

"Usinionyeshe," akasema. "Niulize."

Nikafungua. Herufi zilikuwa zikinichezea machoni. "Namba moja."

"Bondeni. Kwenye mti ulioangukia mto." Alifumba macho. "Asubuhi mapema. Tumboni alikuwa na vijitunda vyekundu, vitatu."

Nikatazama ukurasa. Vijitunda vyekundu, vitatu.

"Namba mbili."

"Bondeni, siku hiyohiyo. Jike."

Nikaenda naye hivyo. Alikuwa akijibu polepole mwanzoni, akisikiliza kila jibu lake kama la mtu mwingine, akinitazama nimhakikishie, nami nikimwambia ndivyo, mjomba. Kuanzia wa sita hakunitazama tena. Wa kumi na moja aliniambia jiwe lililopasuka, na mvua ya mawe iliyowakuta pale. Wa kumi na nne alinisahihisha, kwa kuwa nilisoma tarehe vibaya. Alipofika ishirini na moja sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya chumba cha nyuma, iliyokuwa ikinifokea nikishona vibaya.

"Juu kabisa," akasema. "Ukungu. Sikuwa nauona hata mkono wangu. Nilimsikia kwanza."

Hakukosea hata mmoja.

"Kwa hiyo nilipanda," akasema.

"Ulipanda, mjomba."

Akamgeukia binti yake. "Nilipanda mlima," akamwambia, na safari hii hakuwa akiuliza. Binamu akaweka kikombe chini akatoka nje, nikamsikia analia uani.

Nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nitawaita watu wote waliokuwa kwenye kikao kile, mmoja mmoja, na nitasimama palepale niliposimama, nitasema mwongo nilikuwa mimi bila kujua.

"Waite," akasema. "Wako wangapi waliobaki?"

Nikahesabu kwa vidole. "Tisa."

"Na dada yangu je? Yeye utamwambiaje?"

Nilikuwa nimekuja na jibu la kila kitu, hata la kufukuzwa kazi, na hilo sikuwa nalo. Nilimtazama nione kama ana hasira, kwa sababu hasira ningeijua, ningeinamisha kichwa ipite. Hakuwa nayo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, akisubiri, kana kwamba mimi niliyefanya kazi jumbani miaka yote hii lazima ningekuwa na njia.

"Sijui, mjomba," nikasema.

"Hata mimi sijui." Akalivuta blanketi magotini, akajiegemeza. "Basi soma tena. Anza mwanzo."

Nikarudi ukurasa wa kwanza. "Namba moja," nikasema.